Baba anataka Makerere, mimi nimepata uuguzi Mbarara

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19. Nimelelewa katika kambi za polisi hapa Uganda. Baba alihamishwa huku na kule, ndiyo sababu nyumbani kwetu Kiswahili kinasemwa kuliko lugha ya baba au ya mama. Sasa amestaafu, tunaishi Tororo, na mama ana kibanda cha nafaka sokoni. Tuko watoto watano, mimi wa pili. Kaka yangu aliishia S4, yaani sekondari mwaka wa nne, yuko mpakani Malaba kwenye malori ya mizigo. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, upande wa baba na upande wa mama.

Nilimaliza S6 mwaka jana, kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Matokeo yalikuwa mazuri, ila si ya kuingia udaktari. Nafasi ya kulipiwa na serikali sikupata. Niliomba uuguzi Makerere kwa kujilipia nikakosa kwa alama kidogo, wakanipa kozi niliyoiandika ya tatu, Shahada ya Sayansi upande wa baiolojia. Nilikuwa pia nimeomba Mbarara University of Science and Technology. Wao wamenichukua kwa shahada ya uuguzi. Barua zote mbili ninazo, nimezificha chini ya godoro kana kwamba nimeziiba.

Siku ile barua ya Makerere ilipokuja, baba alipiga simu kwa rafiki zake wa zamani mmoja mmoja mpaka salio likaisha, akanituma kununua lingine. Shangazi, ni lazima nikueleze jambo hili. Baba anaijua Makerere kwa rungu. Alipokuwa kijana kazini walikuwa wakipelekwa kule kutuliza wanafunzi wakigoma. Anasema alikuwa akisimama langoni na kofia ya chuma, akiwatazama watoto wa wenzake wakipita na vitabu, na aliapa kwamba mtoto wake ataingia lango lile bila kofia. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa P3, darasa la tatu. Sasa nitamwambiaje kwamba lango hilo nimelipita pembeni?

Nilipomwonyesha barua ya Mbarara aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Nesi ni mtu wa kutumwa." Hakuongeza neno. Baba mdogo ndiye aliyeongeza. Aliuliza kama kweli mtu anasoma miaka minne ili akabebe beseni la mkojo. Wote walicheka, hata wadogo zangu. Mama hakucheka, lakini baadaye jikoni akaniambia, "Amua unavyotaka, ila usimvunje baba yako." Sijui maana yake ni nenda au usiende.

Kwa nini uuguzi? Likizo ile ndefu baada ya S6, bibi mzaa mama alianguka akavunjika nyonga. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitali ya rufaa. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongo, kama nesi mmoja alivyonionyesha. Wengine wodini wakaanza kuniita nesi mdogo, na nikawa nawasaidia hata wasio wangu. Bibi alitoka akiwa hana kidonda hata kimoja. Sijawahi kuwa mzuri katika jambo lolote kama nilivyokuwa mzuri katika lile. Lakini niliona pia usiku nesi ni mmoja, wodi imejaa, wengine wako sakafuni, na watu wanamfokea yeye.

Sasa nisiwe mwongo kwako. Nikiwaambia watu "Makerere", macho yao yanabadilika. Nikisema "uuguzi, Mbarara", wananijibu kwamba hata hiyo ni nzuri, kama mtu anayekupa pole. Ninaipenda ile sura wanayoifanya wakisikia Makerere. Ninajionea aibu kuipenda, lakini ninaipenda.

Rafiki yangu amenipa ujanja. Anasema niende Makerere, nikifika nibadilishe kozi niingie uuguzi palepale, baba afurahi na mimi nifurahi. Mwingine anasema nimalize baiolojia kwanza, uuguzi haukimbii. Wa tatu anasema nichukue uuguzi haraka kwa sababu Uingereza wanatafuta manesi na nitawajengea wazazi nyumba. (Kuna mtu pia yuko Kampala, anasoma Chuo Kikuu cha Kyambogo, lakini hilo si jambo kubwa.)

Vyuo vinafunguliwa Agosti. Karo itatoka kwenye kiinua mgongo cha baba, na amesema hela iliyopo ni ya chuo kimoja, tena jina la chuo amelitaja. Nikienda Mbarara nitakuwa nimemdhalilisha mbele ya watu aliowapigia simu. Nikienda Makerere ninaogopa kwamba miaka mitatu nitakuwa nasoma huku nikimkumbuka bibi. Naomba unishauri, maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu tayari.

Binti wa kambini, Tororo

*

Marahaba, binti wa kambini.

Nianze na ulipoishia. Kila mtu nyumbani ana jibu, na sitaki kuwa mtu wa sita. Nitakayoyasema yachukue kama mazungumzo ya jikoni, ya mama na wewe, ila mimi nina nafasi ya kusema zaidi ya sentensi moja.

Nikiweka barua yako mezani naona hivi. Una nafasi mbili halali, zote umezipata kwa jasho lako. Moja ina jina ambalo baba yako amelibeba tangu ujana, lakini kozi yake uliiandika ya tatu. Nyingine ina kozi uliyoitaka, lakini iko mbali na kwenu, na haina jina la kumfanya mtu apige simu mpaka salio liishe. Hela ni ya chuo kimoja. Wewe mwenyewe umegawanyika, maana hata jina unalipenda. Usilionee aibu hilo. Msichana aliyekulia kwenye nyumba za bati za kambini akipenda kuheshimiwa, amekosa nini?

Kuna kitu nilikitafuta kwenye barua yako sikukipata, nacho ni baiolojia. Umenieleza lango la Makerere, kofia ya chuma, macho ya watu. Kozi yenyewe umeitaja kwa jina tu, na baba yako, kwa ulivyonieleza, hakuitaja kabisa. Basi tufanye mchezo. Tuseme barua zimebadilishana: Makerere wamekupa uuguzi, Mbarara wamekupa baiolojia. Je, ungeniandikia? Nafikiri mngekuwa mnashona nguo za sherehe sasa hivi. Ukinijibu kwamba ungeandika bado, kwamba kuna kitu kwenye baiolojia kinachokuvuta, basi nimekosea kukusoma na hilo ni jambo kubwa la kulifikiria. Maana baiolojia si kozi ya kujifichia. Pale Entebbe kuna taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanza mwaka 1936, na ndio waliogundua kirusi cha Zika mwaka 1947 katika msitu wenye jina hilohilo, hapo njiani kutoka Kampala. Watu wa namna hiyo walianza kwa kupenda kuangalia vitu vidogo kwa muda mrefu bila kuchoka. Wapo wahitimu wa baiolojia kwenye maabara, kwenye utafiti wa mazao, kwenye mbuga za wanyama. Wapo pia waliomaliza wakagundua kwamba bila kuongeza masomo mengine mlango wa kazi ni mwembamba. Nenda ukamtafute mmoja wa kila aina kabla hujaiita kozi hiyo usaliti, au kabla hujaikubali kwa sababu ya lango tu.

Uuguzi nao nitauliza hivyohivyo, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu naona unaupenda na mtu akipenda haoni vizuri.

Ulichokifanya kwa bibi yako kilikuwa kizuri sana. Mgonjwa wa nyonga kutoka hospitali bila kidonda si jambo la bahati. Lakini mwanangu, unajua hospitali zetu zilivyo. Kuosha, kulisha, kufua shuka, kukimbilia glavu dukani, hiyo ni kazi ya ndugu wa mgonjwa. Nesi uliyemwona usiku alikuwa na kazi nyingine ambayo ukiwa kwenye mkeka huwezi kuiona yote. Anakumbuka dawa za watu wote wale na saa zao. Anatazama dripu ya huyu, presha ya yule, anaandika kila kitu kwenye faili kwa sababu asubuhi ataulizwa. Anaamua yupi kati ya wanaolia ndiye anayekufa, na yupi aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia. Anaamua saa ngapi ya kumwamsha daktari na saa ngapi ya kusubiri. Na akimpoteza mmoja saa tisa ya usiku, saa tisa na nusu ana sindano ya mwingine. Wewe ulikuwa na bibi mmoja unayempenda. Je, utaweza kuwa na wagonjwa hamsini usiowapenda, wengine wakikutukana?

Sikuulizi ili kukutisha. Umesema wewe mwenyewe ulisaidia hata wasio wako, na hilo nimeliona. Ninachotaka ni ukaangalie kazi yenyewe ukiwa umesimama upande wa pili wa kitanda. Tororo kuna hospitali. Nenda ukamwone sista anayeongoza wodi, mweleze wewe ni nani na unachotaka, umwombe akuruhusu kuongea na manesi wawili watatu wakati wanabadilishana zamu. Usiwaulize kama kazi ni nzuri, watakujibu kwa adabu. Waulize kama wangemruhusu binti yao aisomee, kisha utazame uso kabla ya kusikiliza jibu.

Ule ujanja wa rafiki yako sasa. Makerere wana utaratibu wa kubadilisha kozi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, hilo ni kweli. Lakini anayehamia lazima awe na alama zilezile zilizotakiwa kwa kozi anayoiendea. Unajua hesabu yao ilivyo: masomo ya lazima yanazidishwa mara 3, yanayohusiana mara 2, na sisi wanawake tunaongezewa pointi 1.5. Hesabu hiyo imeshafanywa juu yako, ukapungukiwa. Ukienda na matumaini ya kuhamia, unaenda kupiga hodi kwenye mlango uleule uliofungwa. Uliza ofisi ya msajili, labda mwaka huu kuna nafasi zimebaki. Ila usilipe karo juu ya labda. Na huyu anayesema uuguzi haukimbii, kweli haukimbii, mtu mwenye shahada anaweza kuomba shahada nyingine. Lakini piga hesabu naye: baiolojia miaka 3, uuguzi miaka 4, juu yake mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Miaka 8, na una wadogo zako watatu wanaotazama kiinua mgongo hichohicho. Kwa sheria zetu shahada ya baiolojia, hata ya chuo gani, haikupi kibali cha kushika sindano wodini. Kibali kinatoka kwenye Baraza la Manesi na Wakunga, na wao wanaangalia ulisomea uuguzi katika programu inayotambuliwa. Jina la lango hawaliulizi.

Tuseme na jina lenyewe basi, kwa haki. Makerere ilianza mwaka 1922. Nyerere alisoma pale miaka ya arobaini, Mkapa na Kibaki wakapita baadaye. Ukisema umesoma Makerere, Nairobi wanajua, Dar es Salaam wanajua, na utakaokaa nao bweni moja huenda kesho ndio wenye ofisi. Wanaosema jina halina maana mara nyingi ni wale walio nalo tayari. Mbarara ilianza mwaka 1989, ni mdogo wake kwa umri, lakini ilianza na udaktari na mpaka leo kampasi yake ya mjini imepakana na hospitali ya rufaa. Mwanafunzi wa uuguzi pale anavuka tu kwenda wodini. Katika fani za afya watu wanaijua vizuri, ingawa baba mdogo haijui. Tena Makerere ina shahada ya uzamili ya uuguzi, kwa hiyo anayeanzia Mbarara leo anaweza kulipita lango lile akiwa na miaka 27, na mshahara wake mkononi. Baba atasubiri, kama ana moyo huo. Hilo ni swali la kumuuliza yeye.

Kuhusu Uingereza, tafadhali toa nyumba ya wazazi kwenye hesabu kwanza. Uganda imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa sababu hiyo hospitali za Uingereza haziruhusiwi kuja kuwasaka manesi wetu. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe, na wapo waliofika, lakini kuna mitihani, kuna gharama, na kuna mawakala wa uongo Kampala wenye ofisi nzuri kuliko za wakweli. Anayesomea uuguzi kwa ajili ya ndege, na ndege isije, atakuwa nesi mwenye hasira, na hao umewaona wodini.

Hapa nyumbani pia njia haijanyooka. Ukimaliza miaka 4 utasubiri kupangiwa hospitali ya mafunzo, na huko nyuma wahitimu wamewahi kusubiri miezi. Baada ya hapo nafasi za serikali zinatangazwa na tume ya utumishi wa afya au ya wilaya, wakati bajeti ikiruhusu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mishahara ya watu wa sayansi, manesi wakiwemo, baada ya migomo. Ni hatua kubwa kwa aliyeajiriwa na serikali, na hospitali binafsi nyingi hazikuifuata. Na kuna lugha. Umekulia kwenye Kiswahili, lakini bibi wa Mbarara mwenye nyonga kama ya bibi yako atakuelezea maumivu yake kwa Kinyankole. Utajifunza, watoto wa kambini mna masikio mazuri. Mwaka wa kwanza tu ndio utakaokuwa mgumu, na nyumbani ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi, kupitia Kampala.

Sasa baba yako.

Ulinipa neno lake moja, kwamba nesi ni mtu wa kutumwa, na nimelifikiria kuliko barua yote. Simjui, naweza kuwa nabahatisha. Lakini huyo ni mtu aliyevaa sare maisha yake yote ya kazi. Alihamishwa bila kuulizwa. Alitumwa kwenda kupiga watoto aliotamani wawe wake. Akisema mtu wa kutumwa, sidhani kama anawadharau manesi. Nadhani anajieleza yeye. Anaona sare nyingine, zamu nyingine za usiku, mtu mwingine mwenye cheo akipita na koti jeupe akitoa amri, na binti yake akiitikia. Alitaka ukatoke kwenye nyumba ya watu wanaoamriwa. Kwake Makerere ndiyo ilikuwa njia.

Kama ni hivyo, kumweleza kwamba uuguzi ni wito hakutasaidia. Mtu wa namna hiyo anataka kujua nani anatoa amri. Na jibu lipo. Nesi mwenye shahada haingii wodini kama aliyesoma cheti. Njia yake inaelekea kuongoza wodi, kufundisha, kusimamia, kutafiti. Jeshi la polisi lenyewe lina idara yake ya afya, na baba anaweza kuwa amewahi kumpigia saluti nesi bila kujua. Mtajie pia Rose Clarke Nanyonga. Ni Mganda, ni nesi, akasoma mpaka uzamivu Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, akarudi akawa makamu mkuu wa Clarke International University hapo Kampala. Si kila nesi atafika huko, kama ambavyo si kila aliyepita Makerere alikuwa Nyerere. Lakini picha ya beseni itapata picha nyingine ya kukaa nayo.

Inawezekana pia kuna hofu asiyoitaja. Mwaka 2025 mwezi wa Januari Ebola ilipotangazwa Kampala, wa kwanza kuthibitishwa alikuwa nesi wa hospitali ya Mulago, na alikuwa ameshafariki. Mwaka 2000 kule Gulu, hospitali ya Lacor ilipoteza manesi wake na Dokta Matthew Lukwiya. Baba anasikiliza redio. Wanaume wa rika lake wakiogopa kwa ajili ya binti wanasema "kazi hiyo haina maana", kwa sababu "ninaogopa ufe" haitoki mdomoni. Sijui kama ndivyo ilivyo kwake. Unaweza kumuuliza, mkiwa wawili, bila baba mdogo. Huyo baba mdogo mwache, akilazwa atajua beseni ni la nani.

Ukienda kwa baba, nakuomba usiende na uamuzi, nenda na maswali. "Baba, Makerere uliyokuwa ukiitazama, ulikuwa ukiona nini?" Akikujibu, nyamaza, usitafute pa kuingiza Mbarara. Pengine utasikia kitu kitakachokufanya uitake Makerere kweli, na uende ukasome baiolojia kwa moyo mmoja. Hilo halitakuwa kujisaliti, mradi usiende kama mfungwa anayehesabu mihula. Pengine atasikia mwenyewe kwamba aliyokuwa akiyaona yako pia upande wa pili wa nchi. Au hamtaelewana kabisa. Kama ni hilo la mwisho, uwe umejiandaa: ukichagua Mbarara anaweza kukaa kimya muhula mzima, na mama atakuwa katikati. Ukichagua Makerere kwa ajili yake tu, kimya hicho utakuwa nacho wewe, na yeye hatajua. Sikuambii kipi ni chepesi kubeba. Wewe ndiye unayejua mgongo wako.

Mambo ya hela usiyaache kwa kiinua mgongo peke yake. Kuna mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ulioanza mwaka wa masomo wa 2014/15, na kozi za sayansi ndizo zinazotazamwa kwanza, uuguzi ukiwemo. Mkopo huo ni wa karo, ada za uendeshaji na utafiti. Chakula na hosteli ni juu yenu, na deni linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Wengi wanaomba, wachache wanapata, kwa hiyo usiutegemee kama umeshaupata. Lakini omba. Msichana mwenye fomu ya mkopo mkononi anazungumza na baba yake kwa namna nyingine kidogo, na baba naye anaona kwamba hakuja kunyang'anya. Waulize pia Mbarara kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, na kwa masharti gani, wakuandikie. Kuahirisha kuna hatari yake, mwaka wa kukaa nyumbani unaweza kuzaa mambo mengine, hasa kwa msichana. Ila ni vizuri kujua kama mlango huo upo kabla Agosti haijakubana.

Na umesema jikoni mama alikuambia usimvunje baba. Mrudie. Muulize alimaanisha nini. Ni binti wa yule bibi uliyemgeuza usiku kucha, na wakati wengine wakicheka yeye hakucheka. Nadhani ana zaidi ya sentensi moja.

Huyu wa Kyambogo umemweka kwenye mabano, nami nitamwacha humohumo. Sitakuuliza jina. Ila kabla ya kulipa karo, jiulize kama angekuwa anasoma Mbarara ungekuwa umeandika barua hii kwa mpangilio huu. Akiwa si jambo kubwa kama unavyosema, atabaki hivyo kokote utakapokuwa. Na akiwa jambo kubwa, mabasi ya Kampala kwenda Mbarara yapo usiku na mchana, na nauli anaweza kuitafuta yeye.